Kikapu cha Magokoro

Jumapili, 23 Machi

Kishingo ametaga tena ndani ya kikapu cha chai cha Magokoro. Nimeligusa yai lenyewe, bado lilikuwa na joto, na sijamwambia mtu.

Jina langu ni Kemuma. Nipo kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na ninaishi na Mama na Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, juu kidogo ya Sironga. Baba anafanya kazi Eldoret. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii ni lugha ya nyumbani na Kiingereza ni lugha ya mtihani, na katika zote mbili mimi ni mtu wa kunyamaza. Kiswahili nilikikuta vitabuni. Humo hakuna aliyewahi kunicheka.

Kishingo ni kuku wa Magokoro. Shingo yake ni tupu, nyekundu, haina unyoya hata mmoja. Magokoro alipoolewa kutoka Mosocho, mama yake alimpa kuku wa aina hii, na tangu siku hiyo boma letu halijawahi kukosa kuku mwenye shingo tupu. Baba alikua akila mayai yao. Mimi pia. Mwaka jana kideri kilipita kijijini, tukafukia kuku hadi mikono ikachoka jembe, akabaki huyu mmoja. Tangu hapo ameatamia mara mbili. Mara ya kwanza aliyaacha mayai yakapoa. Mara ya pili nguchiro aliyafikia. Sasa Kishingo amezeeka, makucha yake yamepinda kama miwa ya pembeni mwa shamba. Magokoro hasemi kitu, lakini sote tunajua: akikosa vifaranga safari hii, kuku wa Mosocho wamekwisha.

Na katika boma lote amechagua kikapu. Ni kile kirefu cha fito, chenye mikanda miwili ya mabegani, ambacho Magokoro hukivaa mgongoni akichuma majani chai. Kwa kuwa jua limekuwa kali na majani ni machache, Magokoro alikisimamisha jikoni kando ya kuni na kukijaza hadi nusu majani makavu ya mgomba ya kuwashia moto. Kishingo aliona kitanda.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imefika. Ilianza tukiwa katika somo la Historia na mwalimu akaacha kuongea, kwa sababu bati halikumpa nafasi.

Ijumaa, 28 Machi

Leo Kishingo hakutoka kikapuni. Nilipopeleka mkono alijivimbisha akawa mara mbili ya ukubwa wake, akatoa ile sauti ya kukoroma, akanidonoa. Kifua chake kimeanza kunyonyoka. Amekuwa koo kweli.

Baba mdogo Haron alikuja kuazima panga akamkuta hapo. Haron ni mdogo wake Baba, nyumba yake iko chini ya shamba letu la chai, na sauti yake iko kila mahali. Kanisani ni shemasi, anasimama mlangoni, na hata mlangoni anaongea.

"Huyu bado yuko hai?" akasema. "Kuku aliyesahau skafu."

"Anaatamia," nikasema, nikitazama moto.

"Anaatamia nini, mwalimu wa kuku? Anastaafu! Kuku akianza kukaa hivyo hatagi, hafanyi kazi, anakula kodi ya bure. Mngenipa mimi siku tatu tu, ningemtoa huo uvivu."

Nilijua anachomaanisha. Nimeona watu wakiwatumbukiza kuku katika beseni la maji baridi mpaka hamu ya kuatamia iwatoke. Nilimchukia tu, kimyakimya, kama ninavyofanya kila kitu.

Jioni Magokoro alisema kikapu kitahitajika mvua ikiendelea. Tukatengeneza tago zuri ndani ya katoni, tukamhamisha Kishingo na mayai yake giza lilipoingia, kwa sababu kitabu cha Kilimo kinasema kuku huhamishwa gizani. Nilikuwa nimejivunia sana kitabu changu.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi katoni ilikuwa na mayai baridi. Kishingo alikuwa ndani ya kikapu, ameatamia majani matupu.

Jumapili, 30 Machi

Magokoro ameamua. Aliketi juu ya kigoda, akamtazama Kishingo kwa muda, Kishingo naye akamtazama.

"Kikapu ni chako," akamwambia. "Mimi nitatafuta namna."

Mama alikuwa anamenya ndizi. "Mama, chai ikianza kutoka utachumia nini? Leso?"

"Nimesema nitatafuta namna, Ruth."

Mama akarudi kwenye ndizi zake.

Tuliondoa yale mayai yaliyolala baridi katonini, tukaweka mapya kumi na moja. Manne ni yake mwenyewe, ya siku za mwisho, ambayo nilikuwa nayaweka kabatini nikiyageuza kila asubuhi. Saba ni ya Nyekundu, kuku wetu wa pili, ambaye ni wa kawaida, shingo yake ina manyoya. Magokoro anasema koo akihisi mayai mengi chini yake hukaa kwa adabu. Yale manne niliyatia alama ya mkaa. Jogoo ni mmoja tu hapa jirani, wa Haron, naye pia ana manyoya shingoni. Kwa hiyo hakuna uhakika wowote. Mayai manne ndiyo ukoo mzima wa Mosocho.

Kazi yangu: kumtoa mara moja kwa siku ale, anywe, ajitie vumbi, arudi. Na kuzungushia kikapu duara la majivu kila jioni, kwa ajili ya siafu.

Jumanne, 1 Aprili

Mwalimu wa Kiswahili alisema insha yangu ndiyo bora darasani, nisimame niisome. Nilisimama. Sikusoma. Akampa Sheila akasoma, na ikasikika nzuri sana kwa sauti ya Sheila.

Kishingo alitoka, akanywa, akarudi mwenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga shule. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mambo yameharibika, na ni kwa sababu ya kikapu.

Mvua imeamsha chai. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mstari baada ya mstari, kijani mpaka macho yanauma. Mama ana kikapu chake. Magokoro alitoka na gunia safi, lililofuliwa na kukaushwa, akalifunga mgongoni kwa kamba. Nilichuma pamoja nao. Saa nne tulikwenda kwenye kituo cha kupimia majani.

Karani wa kituo anaitwa Ochoki. Si mtu mbaya. Anaongea akitazama mizani tu.

"Gunia halipokelewi, Mama."

"Ni safi. Nusa."

"Najua ni safi. Majani huchemka ndani ya gunia, yanakuwa mekundu. Sheria ni kikapu."

"Kikapu changu kina mtu," Magokoro akasema.

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Ochoki hakucheka, lakini aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Kina nani?"

"Kuku wangu."

Sasa hata wale waliokuwa wanaongea na simu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Siku hizi kuku ndiye mwenye kikapu na bibi ndiye mwenye gunia!" Magokoro alisimama wima katikati ya kicheko kile kana kwamba ni mvua tu na itapita. Mimi ndiye niliyeinama. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno, yote yalikuwa yamejipanga, kuhusu Mosocho na kideri na yale manne yenye mkaa. Hayakutoka.

Ochoki hakubadilisha neno. Tulirudi na majani yale yote, Magokoro akayamwaga chini ya migomba. Asubuhi nzima ya mgongo wake.

Njiani Haron alitukuta. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Basi huyo kuku si umtoe tu, Mama? Kuku mmoja na chai ya msimu mzima, kipi kikubwa?"

"Kuku," Magokoro akasema, akaendelea kutembea.

Jumanne, 8 Aprili

Saa tatu asubuhi Haron ameleta kikapu chake. Alikitupa mlangoni akasema, "Chukueni, mimi leo nina uvivu. Nimeambukizwa na yule mstaafu wenu." Magokoro akakivaa, akaenda. Haron aliondoka akipiga mluzi. Mtu mwenye bahati ya kuwa mvivu msimu wa majani, nikawaza.

Jioni nilipima mayai kwa mwangaza. Nilitoboa tundu katika boksi la viatu, nikaweka tochi ya simu ya Mama ndani, nikalaza yai moja moja juu ya tundu. Magokoro hajawahi kuona hivyo. Yai la kwanza lenye mkaa: mishipa myembamba myekundu imetanda kama mizizi, na katikati doa jeusi linacheza. Nikamwita. Akaja, akainama juu ya boksi.

"Lina moyo," akasema.

Matatu kati ya yale manne yana uhai. Moja ni viza. Ya Nyekundu sita yana uhai. Niliondoa mawili yaliyokufa, yakabaki tisa. Nilikuwa na fahari ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo nimeiweka hapa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nyekundu naye ameanza kuatamia! Amemwona Kishingo akatamani. Mchana nilisikia kelele jikoni, nikakimbia, nikakuta wamebanana kikapuni wote wawili, wanadonoana, na yai moja limevunjika. Lilikuwa la Nyekundu, namshukuru Mungu, lakini kifaranga kilikuwa ndani, kimeshaumbika, na sikuweza kula chakula cha mchana.

Nilimtoa Nyekundu mara nne. Mara nne alirudi. Ya tano Haron aliingia.

"Huyo lete kwangu."

"Usimtie maji," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Aligeuka akanitazama. "Nani kakuambia mimi natia kuku maji?"

"Ulisema siku tatu..."

"Njoo uone, mwalimu."

Nilimfuata. Chini ya mparachichi wake ananing'iniza kizimba cha fito, sakafu yake ni fito tupu zenye nafasi katikati, hewa inapita chini. Alimweka Nyekundu humo, na chombo cha maji na mahindi yaliyopasuliwa. "Kuku anaatamia kwa sababu tumbo lake lina joto. Huku hakuna majani, hakuna giza, upepo unampuliza chini. Tumbo likipoa, akili inarudi. Maji yanampa homa tu. Ni watu wasio na subira wanaotia kuku maji."

Nilitazama kile kizimba. Kilikuwa kimefumwa vizuri, kwa uangalifu, na juu kina kipande cha bati ili mvua isimpate. Sikujua mtu mwenye sauti kubwa hivyo anaweza kufuma kitu kidogo hivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Nyekundu amerudi. Anatembea, anachakura, kikapu hana habari nacho.

Nimeamka mapema kuliko kawaida kwa sababu ya radi, nikatoka kuchota maji, na nikamwona Haron chaini, shambani mwake. Kulikuwa bado kijivu. Alikuwa amevaa mfuko wa nailoni kichwani na kikapu mgongoni, anachuma kwa mikono yote miwili, haraka, bila kuimba wala kupiga mluzi. Anachuma shamba lake alfajiri ndani ya mvua, anapeleka kituoni kabla foleni haijaanza, halafu kila siku saa tatu anakuja kutupa kikapu mlangoni na kusema ana uvivu.

Nilirudi ndani bila maji. Mama akauliza, "Ndoo iko tupu, ulikwenda kufanya nini?" Nikaichukua ndoo nikatoka tena.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Majivu yanalowa kabla ya jioni. Naweka mapya.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kishingo hataki kutoka hata kula. Namlisha mkononi. Ametulia kama jiwe la mafiga.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimengoja Sabato ipite ndipo niandike. Mikono yangu imevimba, lakini nitaandika yote.

Asubuhi kabla ya kwenda kanisani niliweka sikio kikapuni nikasikia mlio, kama mlango mdogo sana unaofunguliwa mbali. Walikuwa wanalia ndani ya mayai. Nilitaka kubaki. Mama akasema kuku hahitaji mkunga. Tukaenda.

Baada ya lesoni, lile somo la Biblia la asubuhi, mvua ilikuja na baridi, na Mama akanituma nyumbani kuchukua sweta ya Magokoro. Nilifurahi kutumwa. Kanisa haliko mbali, ni kuvuka kijito na kupanda.

Niliona ukuta wa jiko kwanza. Ulikuwa unatembea. Siafu, mkanda mpana wa siafu, wametoka chaini kwa sababu mvua imewafurusha, wameingia jikoni chini ya mlango, na mkono wao mwingine umepita barazani hadi mlango wa nyumba kubwa. Sweta ilikuwa imeanikwa barazani. Niliinyakua, nikaikung'uta.

Jikoni, duara la majivu lilikuwa limelowa upande wa mlango, maji yameingia yakafanya daraja la tope. Walikuwa wameshaanza kupanda fito za kikapu. Kishingo aliwaona. Alikuwa anawadonoa mmoja mmoja kutoka kifuani mwake, na mmoja alikuwa amening'inia kwenye shingo yake tupu, na hakuinuka. Kuku yeyote angeruka. Yeye alijikandamiza chini zaidi.

Nilichota majivu ya moto wa jana kwa mikono miwili, makavu, nikayatupa chini ya kikapu. Nikafuta fito kwa sweta. Wakaniingia mikononi, miguuni, ndani ya soksi. Nikatazama nimhamishie wapi. Nyumba kubwa haikuingilika. Kwa Haron kumefungwa, yuko kanisani. Kijiji kizima kiko kanisani.

Na hapo ndipo nilipoiona ile mikanda. Siku zote zile tulikuwa tunalaumu kuku kukaa ndani ya kikapu. Sikufikiria kamwe kwamba kikapu ni kitu cha kubeba.

Nikamfunika Kishingo kwa sweta, nikachuchumaa, nikaingiza mikono katika mikanda, nikasimama. Mikanda ilikuwa mirefu, ya mgongo wa Magokoro, kikapu kikanigonga kiunoni. Nilishika chini kwa mikono yote miwili ili kisitikisike. Nikashuka, nikavuka kijito, nikapanda. Sikukimbia. Siafu walikuwa wananiuma mgongoni na sikukimbia, kwa sababu nilikuwa nasikia ule mlio nyuma ya shingo yangu.

Mlangoni mwa kanisa alikuwa Haron, shati jeupe, tai. Alinitazama mimi, akatazama kikapu.

"Siafu," nikasema.

"Jikoni?"

"Kila mahali."

Nilingoja mzaha. Haukuja. Alinivua kikapu taratibu kama anayepokea mtoto, akakiingiza ndani kwenye benchi la nyuma kabisa, kwa kuwa baraza lilikuwa linalowa. Akapiga magoti na tai yake, akaanza kumtoa Kishingo siafu shingoni kwa kucha. Mimi nilibaki nimesimama, natiririka maji.

Kilikuwa kipindi cha kukaribisha wageni. Mzee Manasseh alikuwa mbele, macho yake si mazuri. "Wageni wetu wasimame," alikuwa amesema, na waliosimama walikuwa wameshasalimu na kuketi. Nikawa nimesimama mimi peke yangu.

"Naona kuna mgeni nyuma," akasema. "Karibu, binti. Tuambie jina lako na umetoka wapi."

Kanisa lote likageuka. Kishingo naye akaamua kutoa kichwa chake chekundu juu ya sweta. Kicheko kilianza kwa watoto kikaenda kwa wakubwa. Haron aliinua kichwa, akafungua mdomo. Nilimjua, alikuwa na kitu cha kuchekesha tayari. Halafu akanitazama, akaufunga. Aliniachia.

"Mimi si mgeni, Mzee," nikasema. "Mimi ni Kemuma, mjukuu wa huyu bibi wa kule juu. Mgeni ni huyu. Anaitwa Kishingo. Kwao ni Mosocho. Siafu wameingia nyumbani, na mayai yake ni ya kuanguliwa leo au kesho, na ndiye wa mwisho. Hakuinuka. Walikuwa wanamuuma na hakuinuka."

Kanisa lilinyamaza, na katika ule ukimya, kati ya mvua na mvua, yai likalia. Wa benchi la nyuma walisikia wote. Mama mmoja akashika mdomo.

"Basi mgeni akae," akasema Mzee Manasseh. "Na vijana watatu waende na majivu kwa bibi. Kuokoa kiumbe hakuvunji Sabato."

Upande wa akina mama, mtu aliinuka na fimbo yake ya kutembelea. Magokoro alitembea katikati ya kanisa hadi nyuma, hakumtazama mtu, akaketi kando ya kikapu. Akaingiza mkono chini ya Kishingo, na Kishingo akamruhusu. Kisha akazigusa zile fito, akaigusa mikanda.

"Ilikuwa mirefu kwako," akasema polepole. "Mbona hukuifupisha?"

"Sikuwa na nafasi."

Akatikisa kichwa kukubali. Mhubiri alikuwa ameshaanza. Magokoro alikaa kidogo, halafu akainama sikioni mwangu. "Wa kwanza mama yangu alinipa ndani ya kikapu. Nilimbeba hivyo hivyo, mgongoni, kutoka Mosocho. Na mvua ilikuwa hii hii."

Sikusikia hubiri hata neno moja.

Jumapili, 20 Aprili

Wameanza. Wa kwanza ametoka mchana, wa yai la Nyekundu, manyoya mpaka masikioni. Wa pili vilevile. Magokoro ameleta kigoda chake hapa, hataki chai wala uji.

Saa kumi yai moja lenye mkaa lilipasuka. Kifaranga kililala kimelowa, shingo haijulikani ikoje. Kikakauka. Kina manyoya shingoni. Magokoro akasema, "Ni mzuri," akarudisha macho kwenye mayai.

Jumatatu, 21 Aprili

Asubuhi Magokoro aliingiza mkono kikapuni bila kutazama, akipapasa, akawa anahesabu kimoyomoyo. Mkono ukasimama. Akapitisha kidole mbele na nyuma, mbele na nyuma, polepole.

"Kemuma. Lete mkono wako."

Nikaingiza. Kulikuwa na joto kama la mkate. Akakiongoza kidole changu hadi kwenye shingo ndogo, laini, tupu kama ncha ya kidole chenyewe. Halafu kando yake, nyingine.

Wawili. Wawili wa Mosocho! Kwa jumla wako saba, yai moja la Nyekundu halikupasuka. Magokoro alicheka kwa sauti, na mimi nilikuwa sijawahi kuona meno yake yote.

Haron alikuja kuona. "Wajukuu wangu hao, kwa upande wa jogoo," akasema. "Hao wawili tu ndio wamerithi kukosa skafu."

"Baba mdogo," nikasema, "nilikuona chaini alfajiri ile."

Alikuna sikio. "Alfajiri gani? Mimi nilikuwa nimelala." Na akaondoka haraka sana kwa mtu ambaye hakuwa na mahali pa kwenda.

Jumatano, 23 Aprili

Kishingo ameshuka mwenyewe kutoka kikapuni na kuwaita. Wakaruka mmoja mmoja kwenye kuni, wa mwisho akaanguka, akainuka. Sasa anatembea nao uani, amevimba, na hata mbwa wa jirani anampisha.

Magokoro amekifua kikapu na kukianika juani. Kulikuwa na jua.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo tumepeleka majani kituoni, Magokoro na kikapu chake, Mama na chake, Haron na chake. Foleni ilikuwa ndefu na habari za kuku zilikuwa zimeshafika huko kabla yetu, kwa sababu watu walitupisha tukae kivulini na kuniuliza mimi, si Magokoro, kuku anaendeleaje. Nilijibu. Niliwaambia kuhusu kizimba cha fito cha Haron pia, kwa sauti ya kusikika, na Haron akajifanya anafunga kiatu.

Ochoki alitia mkono katika majani ya Magokoro kuyakagua, kama anavyofanya kwa kila mtu, akautoa na unyoya. Akauinua.

"Mama. Hii ni chai au ni nini?"

"Huo ni wa kifuani," Magokoro akasema.

"Wa shingoni sio, hilo naapa," Haron akasema nyuma yetu, na foleni yote ikacheka, na safari hii Magokoro alicheka nao. Ochoki pia alicheka, akitazama mizani. Akampa unyoya wake. Magokoro akauchomeka katika kilemba, akavuta kikapu kitupu kutoka kwenye mizani, akakigeuza, akakiinamia kidogo, akanisogezea mgongoni.

"Rudi nacho wewe. Na kesho kutwa utachumia hicho. Mimi nitakaa na vifaranga, kuna mwewe."

Nikaingiza mikono katika mikanda, nikijiandaa kukishika kwa chini kama siku ile. Haikuhitajika. Kilinikaa sawasawa kati ya mabega. Alikuwa ameshaifupisha.